Je, Agizo la Bwana Mkubwa Linamwondolea Mtumishi Dhambi?

Katika nchi ya Fizi, ukiacha mashamba ya mihogo, watu wanaishi kwa vitu viwili: samaki na dhahabu. Samaki hutoka katika Ziwa Tanganyika. Wavuvi wa Baraka huwaleta pwani alfajiri, ndakala na mikebuka, nao huanikwa na kufungwa katika magunia. Dhahabu hutoka upande wa bara, katika Sekta ya Ngandja, huko Misisi na Lubichako. Samaki hupanda kwenda machimboni, na fedha ya dhahabu hushuka kuja sokoni. Kwa hiyo si nyumba nyingi zinazoweza kusema kwamba kazi ya machimbo haiwahusu.

Maji nayo yana njia mbili. Mto Mutambala huingia ziwani karibu na Baraka. Mito ya magharibi, kama Kimbi, huelekea Luama, na kwa njia hiyo maji yake hufika Lualaba, ambao ndio mto mkubwa wa Kongo katika mwanzo wake. Kinachotiwa katika kijito cha mlimani hakikai mlimani.

Katika nchi ya namna hii limezuka swali ambalo Wakristo huliuliza kwa sauti ndogo, maana mwenye swali anaogopa kusikiwa. Tulitie katika mfano. Kijana ana mke na watoto watatu, naye amepata kazi katika kampuni inayoosha dhahabu mtoni. Kazi yake ni kuangalia pampu. Maji machafu hukusanywa katika shimo lililochimbwa kwa makusudi, ili tope litulie na dawa isitoke. Siku moja shimo linajaa. Kuchimba jingine kunataka fedha, tena kunapoteza siku za kazi. Msimamizi anamwambia: usiku, mvua ikianza kunyesha, fungua mfereji, maji yaende mtoni, asubuhi hakuna atakayejua, kwa sababu mto wote utakuwa umechafuka kwa mvua. Kijana anajua kwamba chini ya mlima kuna kijiji, na wanawake wa kijiji hicho huteka maji mahali pale. Afanye nini? Na akifungua, dhambi ni ya nani?

Wengi hujibu upesi. Husema mtumishi ni kama jembe mkononi mwa mwenye shamba. Jembe likikata mzizi usiotakiwa, hakuna anayeliadhibu. Jibu hilo linapendeza kwa sababu linaleta usingizi. Lakini jembe halikubatizwa, wala halina masikio ya kusikia kwamba huko chini kuna watu.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili tangu zamani. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, imo habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu alilitaka shamba, Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Ndipo Malkia Yezabeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia mhuri, akazipeleka kwa wazee wa mji wa Nabothi, akiwaagiza waweke mashahidi wa uongo na kumwua yule mtu. Wazee wakafanya. Yezabeli hakushika jiwe hata moja, wala Ahabu. Waliorusha mawe ni watu wa mji ule ule, majirani waliomfahamu marehemu. Nabii Elia aliwahukumu mfalme na malkia. Juu ya adhabu ya wazee sura ile iko kimya, na pengine wapo wanaoona faraja katika kimya hicho. Wasifarijike mno. Mwandishi mtakatifu amesema waziwazi kwamba wazee walitenda sawasawa na walivyoagizwa katika barua, na maneno hayo hayakuandikwa ili kuwasifu.

Kinyume chao ni wakunga wawili wa Misri, Shifra na Pua, katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 1. Farao aliwaamuru wawaue watoto wa kiume wa Waebrania wakati wa kuzaliwa. Hawakufanya. Nao walikuwa wanawake wasio na jeshi wala mali, tena kazi yao ilikuwa chini ya macho ya mfalme.

Hapa mtu atasema: lakini kufungua mfereji si kuua mtoto. Maneno haya yanastahili jibu la kweli, na kwa ajili hiyo ni lazima kujua dawa inayosemwa ni kitu gani. Katika machimbo mengi ya dhahabu watu hutumia zebaki, ile madini ya maji yenye rangi ya fedha. Zebaki hushika chembe ndogo za dhahabu na kuzikusanya pamoja. Kisha donge huchomwa motoni, zebaki ikatoka kama mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo huingia katika mapafu ya achomaye na ya mama aliyeketi karibu na mtoto mgongoni. Zebaki nyingine huanguka katika maji na kulala katika tope. Huko vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo huingia katika viumbe vidogo vya majini, kisha katika samaki wadogo, kisha katika samaki wakubwa wanaowala wale wadogo. Kila samaki mkubwa huchukua sumu ya wote aliowameza. Mwisho mwanadamu hukaa mezani. Sumu hii huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na ikiwa mwanamke ana mimba, humfikia mtoto aliye tumboni.

Haina harufu, wala haibadili ladha ya mboga. Katika jambo hili dhambi ya kuharibu maji haifanani na wizi wa mbuzi. Aliyeibiwa mbuzi huamka asubuhi akaona kamba imekatwa, akaenda kwa chifu. Aliyetiwa sumu hajui kwamba ametendewa, na mtoto wake akichelewa kutembea atatafuta mchawi katika ukoo wake. Basi kosa linazaa kosa jingine, na watu wasio na hatia wanashitakiwa.

Sheria ya nchi haiko kimya. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yaliyo salama. Sheria ya machimbo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inawadai wachimbaji walinde nchi wanayoichimba. Serikali ya jimbo nayo imewahi kunyosha mkono. Mwezi wa Agosti 2021 Gavana wa Kivu ya Kusini, Théo Ngwabidje, alisimamisha kazi za makampuni sita katika Wilaya ya Mwenga, jirani ya Fizi, baada ya wenyeji kulalamika sana juu ya uharibifu wa mito na mashamba. Mwezi wa Julai 2024 Gavana Jean-Jacques Purusi alisimamisha shughuli za machimbo katika jimbo zima ili mambo yapangwe upya.

Lakini amri za namna hiyo zikitoka, wa kwanza kukosa mshahara ni mwenye pampu na wenzake. Wakubwa wana akiba. Yeye ana deni dukani. Kwa sababu hiyo anayejua habari ya mfereji anaogopa mara mbili: anamwogopa msimamizi, tena anawaogopa wenzake, watakaosema ni yeye aliyewavunjia sahani. Mwenye kuandika juu ya dhamiri bila kuikumbuka sahani hiyo anaandika jambo jepesi.

Mafundisho ya Eklezya hayawatupi watu wote wa kampuni katika shimo moja. Katekisimu za zamani zilihesabu njia tisa ambazo kwazo mtu hushiriki dhambi ya mwingine: kwa kushauri, kwa kuamuru, kwa kukubali, kwa kuchochea, kwa kusifu, kwa kuficha, kwa kushirikiana katika tendo, kwa kunyamaza, na kwa kulitetea ovu lililokwisha kutendwa. Watoto walizikariri bila kufikiri, kama wanavyokariri hesabu. Zingefaa kusomwa tena na watu wazima wenye kazi.

Mpishi anayepika ugali wa wafanyakazi hakufungua mfereji. Anakula mshahara wa kampuni, lakini tendo lake ni jema lenyewe, na uovu wa mfereji uko mbali naye. Dereva anayeleta chupa za zebaki akijua zinakokwenda yuko karibu zaidi. Karani ambaye hajawahi kugusa tope, lakini anaandika katika daftari la wakaguzi kwamba shimo ni zima na maji hayatoki, huyo amevunja amri ya nane kwa kalamu, na kalamu yake ndiyo inayomfanya mkaguzi apite bila kushuka mtoni. Pengine karani hujiona msafi kuliko mwenye pampu kwa kuwa mikono yake haina udongo. Si kweli. Uongo wake ni mlango ambao usiku baada ya usiku maji yote yatapitia.

Na msimamizi? Huyu naye ni mtumishi. Aliambiwa na mwingine aliyeko mjini kwamba dhahabu ya mwezi huu isipungue, na huyo wa mjini aliambiwa na mwingine aliyeko ng'ambo. Kila mmoja anaye mkubwa wake wa kumtaja. Ukifuata ngazi hiyo mpaka juu utamkuta mtu ambaye hajawahi kuuona mto, naye atasema kwa unyofu kwamba hakuagiza mtu yeyote kufungua mfereji wowote; yeye alitaka hesabu tu. Basi kama agizo lingemwondolea mtumishi dhambi, watoto wa kijiji wangekuwa wametiwa sumu bila mtendaji. Hilo haliwezekani. Mtendaji yupo pale mfereji ulipofunguliwa, na wengine wote wanashiriki kwa kadiri walivyojua na walivyoweza kuzuia.

Basi mwenye pampu asifungue. Hapo hakuna njia ya kuzunguka: tendo ni lake, anajua litakalofuata, na wanaodhurika ni watu. Umaskini unaweza kupunguza uzito wa kosa lake mbele ya Mungu, maana hofu na njaa hubana hiari ya mtu, na padri katika Kitubio atalipima. Lakini kupunguza uzito si kugeuza ovu kuwa jema.

Swali gumu zaidi ni la wale wengine: je, wabaki kazini au waondoke? Watu wenye bidii husema waondoke wote. Mtakatifu Yohane Mbatizaji hakusema hivyo. Watoza ushuru na askari walipomwendea mtoni Yordani wakamwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi, ijapokuwa kazi zile zilijaa dhuluma. Aliwaambia watoza ushuru wasidai kupita kiasi kilichowekwa, na askari wasimwonee mtu, waridhike na mshahara wao. Aliwarudisha kazini, lakini hakuwarudisha kama walivyokuja.

Tena yupo Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu yule yule. Alikula mkate wa mfalme mwovu, akamtumikia kila siku. Malkia alipoanza kuwaua manabii wa Bwana, Obadia aliwachukua manabii mia, akawaficha hamsini hamsini katika pango, akawapa chakula na maji. Kama angeondoka kwa hasira siku ya kwanza, manabii wale wangekufa. Kwa hiyo mtu aweza kubaki ndani ya nyumba mbaya kwa sababu njema. Lakini wako wengi wanaolipenda jina la Obadia bila kazi yake. Mfanyakazi akisema anabaki ili afanye mema kutoka ndani, ni haki kumwuliza pango lake liko wapi, na amemficha nani.

Mfano mmoja wa mtu aliyebaki na kunyamaza umetoka mbali, lakini zebaki yake ni ile ile. Katika mji wa Minamata, huko Japani, kampuni iitwayo Chisso ilikuwa na kiwanda kilichomwaga maji yake baharini. Mganga mkuu wa hospitali ya kiwanda alikuwa Hosokawa Hajime. Mwezi wa Mei 1956 ni yeye aliyewapelekea wakuu wa afya habari ya ugonjwa wa ajabu: watoto walishindwa kutembea na kusema, na mikono ikatetemeka. Mwaka 1959 alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda, na mwezi wa Oktoba paka akaonyesha ugonjwa ule ule. Daktari akajua. Akawaambia wakubwa wa kampuni, nao wakamzuia kuendelea, na matokeo yakafichwa. Alitii. Kiwanda kiliendelea kumwaga zebaki mpaka mwaka 1968. Mwaka 1970, akiwa amelala hospitalini kwa ugonjwa, alitoa ushuhuda wake kwa ajili ya mahakama, naye akafa mwaka huo huo. Mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliihukumu kampuni iwalipe wagonjwa fidia. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2013, mataifa yalipofanya mapatano ya kuzuia zebaki, yaliyaita kwa jina la Minamata.

Hosokawa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mganga mwema, mtii kwa waliomwajiri, aliyetaka kwanza kuwa na hakika. Ndiyo sababu habari yake inatisha kuliko ya mwovu. Kati ya paka wake na ushuhuda wake ilipita miaka kumi na zaidi, na katika miaka hiyo watu waliendelea kula samaki. Kimya chake hakikuwa uongo. Alinyamaza tu, jambo ambalo katekisimu ya zamani imeliweka katika hesabu yake.

Lakini hakuna haja ya kwenda mpaka Japani. Goma iko katika nchi hii hii. Mwaka 2007 kijana Floribert Bwana Chui, wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alifanya kazi katika Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, ile iitwayo OCC, akisimamia bidhaa zilizoharibika. Ulifika mchele usiofaa kuliwa. Wenye mali walitaka apitishe, wakampa ahadi za fedha, na baadaye vitisho. Jambo la kutazamwa ni lile alilolifanya kwanza: alimwuliza mtawa aliyekuwa mganga chakula cha namna ile kinamfanya nini mtu anayekila. Alipopata jibu hakuweza tena kujifanya hajui. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo huko Roma, Eklezya ilimtangaza kuwa Mwenye Heri na mfiadini.

Yeye alikutana na mchele, si na maji, lakini kazi yake na ya karani wa machimbo zinafanana kabisa: kuna karatasi ya kutiwa sahihi, kuna fedha upande huu, na upande ule kuna watu ambao mwenye kalamu hatawaona kamwe. Tena alikuwa mtumishi mwenye wakubwa juu yake. Hakuna aliyeona katika kutangazwa kwake kwamba utii kwa mkubwa ungekuwa udhuru wa kutosha.

Hata hivyo Eklezya haimwagizi kila mfanyakazi atafute kifo. Busara ni fadhila, na baba wa watoto watatu ana wajibu wa kuwa hai. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, ametoa utaratibu wa kumwonya mkosaji, na utaratibu huo unafaa machimboni pia. Kwanza nenda peke yako. Mwenye pampu amwendee msimamizi faraghani, amwambie kwa heshima kwamba hawezi kufungua, na kwamba shimo la pili lingeweza kuchimbwa kwa siku chache ikiwa watu wataongezwa. Wako wasimamizi waliokuwa wakingoja tu mtu wa kuwaambia hivyo. Asiposikia, chukua wawili au watatu. Mtu mmoja akikataa hufukuzwa kabla ya saa sita. Wafanyakazi wanne wakikataa pamoja, msimamizi hulazimika kufikiri. Asiposikia tena, liambie kanisa. Kwa nchi ya Fizi maana yake ni shirika, ni baba paroko, ni Tume ya Haki na Amani, ambao wanaweza kuifikisha habari kwa watawala na kwa wakaguzi bila kulitaja jina la mleta habari.

Lakini kanisa likiambiwa, limepokea deni. Ni rahisi kumsifu kijana Jumapili na kumwacha Jumatatu bila unga. Kijiji kilicho chini ya mlima kimeokolewa na mtu asiyejulikana nacho. Wanawake wake wameteka maji asubuhi kama kawaida, wala hawakusikia kitu. Kama mhubiri anadai mwenye pampu aache mshahara wake kwa ajili yao, basi na adai kwa sauti ile ile kwamba mashirika yapeleke mihogo na ndakala katika nyumba ile yenye watoto watatu mpaka baba yao apate kazi nyingine. Shirika lenye nyumba thelathini haliwezi kusema halina uwezo huo. Likisema, lieleze pia ni kwa haki gani linamwomba mtu mmoja abebe peke yake kile ambacho nyumba thelathini zimeshindwa kukibeba.

Linabaki neno moja ambalo mwenye pampu mwenyewe hulisema mwishoni, naye hulisema kwa uchungu: nikikataa, jioni atawekwa mwingine, na maji yatakwenda mtoni vilevile. Yaweza kuwa hivyo. Wakunga wa Misri hawakuweza kumzuia Farao. Baadaye aliwapa amri ile watu wake wote. Lakini huyo mwingine atakayewekwa jioni hakutoka mwezini. Yamkini ni mtu wa parokia ile ile, amebatizwa katika maji ya kisima kile kile, na Jumapili huketi benchi la nyuma pamoja na mke wake. Kuna saa chache kati ya mchana na mvua. Nyumba yake inajulikana, na njia ya kwenda kwake ni fupi.